Namna ya Kuwaachia Watoto Kesi

Kuwagombanisha watoto baada ya kufa si kazi ngumu. Haihitaji mali nyingi: nyumba ya vyumba vinne Mbagala inatosha, au ekari mbili za migomba. Haihitaji watoto wabaya pia. Hata waliolelewa kwa upendo, wakasali pamoja na kula sinia moja, hufikishana mahakamani. Kinachohitajika ni mzazi mwenye akili zake timamu, anayejua alichonacho na anachokitaka, aamue kukaa kimya. Nitaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika katika nyumba zetu za Tanzania Bara, ili ukiiona inaanza kwako uikatize mapema. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha, nikaona wajane wanavyohamishwa na ndugu wa tumbo moja wanavyosusiana misiba. Sitaki nyumba nyingine ipite huko.

Kazi huanzia kwenye karatasi. Mwenye kutaka kesi huweka hati ya nyumba kwa rafiki wa ujana aliyeko Morogoro, na barua ya mauziano ya kiwanja kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama yake kijijini. Mkewe anajua kuna kiwanja "kule Chanika", lakini hajakikanyaga hata siku moja. Kilinunuliwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, wakashuhudia mjumbe na jirani mmoja; mjumbe keshafariki, jirani kahama. Anayekijua kwa hakika ni dalali, na dalali akisikia msiba hulia kuliko wafiwa, kisha wiki ya pili anapeleka mteja.

Halafu kuna majina. Kwenye kitambulisho cha NIDA marehemu ana jina la ukoo, kwenye hati ya nyumba ana jina la babu, kazini walimjua kwa jina la ubatizo, na kwenye akaunti ya benki herufi moja imeruka. Kila karatasi ni ya kweli, lakini zikikutana mezani kwa karani hazielewani. Msimamizi wa mirathi atahangaika na viapo kuthibitisha kwamba watu wanne hao ni marehemu mmoja. Kurekebisha majina ukiwa hai ni kazi ya siku chache na uko mwenyewe wa kuulizwa. Ukishafariki, kila swali linahitaji shahidi.

Dawa yake ni kaunta buku moja. Andika humo kila ulichonacho na karatasi yake iko wapi: nyumba, kiwanja na mipaka yake, akaunti, hisa, kikoba, Saccos, mafao ya NSSF au PSSSF, laini ya simu yenye pesa. Andika unaodaiwa nao na unaowadai, na mkopo wa benki kama una bima. Chomeka vivuli vya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, maana huko kwenye mafao ndivyo vinavyoulizwa kwanza. Namba za siri usiandike. Pesa inayotolewa kwenye simu ya marehemu usiku wa msiba, hata kama ilikwenda kununua sanda, ndiyo huzaa ugomvi wa kwanza, kwa sababu kesho yake hakuna anayekumbuka kiasi. Na jina la ndugu ulilojaza kwenye fomu ya benki si wosia. Ni mtu wa kupigiwa simu tu, wala hajawa mrithi.

Kazi ikishafika hapo, mwenye kutaka kesi hutulia na kusema, "Ukoo utajua." Kweli, ukoo hujua. Siku ya kuanua matanga turubai bado limefungwa, viti vya kukodi vinasubiri gari, na kikao kinaanza. Mjane amekaa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa, kwa kuwa mila inamtaka asiseme sana. Na hapo hapo ndipo maisha yake yanapopangwa.

"Shemeji, funguo za gari mngempa mtu mmoja azitunze," anaanza kaka wa marehemu.

"Gari limesimama hapo nje, baba mkubwa. Linakwenda wapi?"

"Si kwamba linakwenda. Ni utaratibu."

Kisha inazungushwa karatasi ya mahudhurio. Watu wanatia sahihi huku wakitafuta viatu vyao. Kichwa cha habari huandikwa baadaye, na karatasi ile ile inageuka kuwa muhtasari wa kikao kilichompendekeza baba mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kama kuna sentensi moja ya kumwambia binti yako leo, ni hii: usitie sahihi karatasi ambayo juu yake hakujaandikwa kitu. Muhtasari usomwe kwa sauti, uwe na tarehe, na kila familia ibaki na kivuli chake.

Kuhusu huyo msimamizi, wengi wanakosea, na wanaumia kwa kosa hilo. Msimamizi si mrithi mkuu, wala mali haijahamia kwake. Amepewa kazi tatu: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kinachobaki kwa wanaostahili. Kanuni za mahakama za mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka apeleke Fomu Namba 5, yaani orodha kamili ya mali na madeni, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Baadaye anapeleka Fomu Namba 6, hesabu ya alichokusanya na alivyokigawa. Kwa mirathi ya Mahakama Kuu muda ni miezi 6 kwa orodha na mwaka 1 kwa hesabu. Kuna wasimamizi wanaokaa miaka wakikusanya kodi za wapangaji, na warithi wanaishia kunung'unika kwenye harusi na misiba. Mrithi ana haki ya kwenda mahakama ile ile iliyomteua na kuuliza: fomu ziko wapi? Akithibitika kutumia vibaya nafasi yake, mahakama inaweza kumwondoa na kuweka mwingine. Nenda ukaulize. Adabu kwa baba mkubwa haizuii kumwomba hesabu.

Sasa wosia. Wapo wanaoandika, na kwa bahati mbaya wanaandika kwa namna ambayo inaongeza kesi badala ya kuipunguza. Mtu anajifungia na mtoto mmoja, yule anayempenda, anaandika usiku, mtoto huyo huyo anashuhudia, na karatasi inatokea siku ya arobaini. Sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Namba 436, zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika uwe na mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji 4, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao unahitaji mashahidi 4. Na anayemnyima mrithi lazima aseme sababu, ili zipimwe. Kwa Mwislamu, wosia haupiti thuluthi ya mali baada ya madeni, na thuluthi hiyo si ya warithi, labda warithi wengine waridhie. Mafungu mengine yameshapangwa, mke mwenye watoto thumuni, mama wa marehemu sudusi, na kadhalika. Vyovyote iwavyo, anayepewa kitu asiwe shahidi.

Mfano ambao nchi nzima iliufuatilia ni wa Reginald Mengi, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa kabisa nchini, aliyefariki Mei 2019. Uliletwa wosia wa mwaka 2017. Mei 2021 Mahakama Kuu Dar es Salaam iliukataa, na miongoni mwa mambo yaliyopimwa ni afya ya mwenye wosia wakati wa kuandika, na watoto walioachwa nje bila kuelezwa kwa nini. Hapo palikuwa na pesa za kulipa mawakili wa kila aina. Kama wosia unaweza kuanguka katika nyumba ile, basi karatasi iliyoandikwa wodini, mkono ukitetemeka, mashahidi ni wanufaika wenyewe, haina nguvu hata ya kusimama mlangoni. Andika ukiwa mzima, unakwenda kazini, unakumbuka majina ya wajukuu. RITA wana huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia, wakili anaweza, kiongozi wa dini anaweza kukushauri. Ukimaliza, mwambie angalau mtu mmoja mahali ulipo. Wosia usiojulikana ulipo hausaidii kitu.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa pana jambo linaloliza watu kuliko yote, nalo ni kutojua marehemu alikuwa chini ya sheria gani. Mahakama ya mwanzo hushughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Mkristo aliyeishi kikristo mirathi yake huangukia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ndiyo, India, ambayo tuliirithi kutoka kwa wakoloni na bado inagawa nyumba za Kinondoni: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili. Sasa, baba alibatizwa, alifunga ndoa kanisani, alisali kila Jumapili. Lakini pia kila Desemba alikwenda kijijini, akachinja, akazungumza na wazee. Alikuwa nani? Mahakama huangalia namna alivyoishi na alichokusudia, na kila upande huleta mashahidi wa namna hiyo: mjane analeta picha za harusi, baba mdogo anasimulia matambiko. Kesi inaweza kuendeshwa miaka kadhaa katika mahakama ya mwanzo, mali ikagawiwa, kisha ikafutwa yote huko juu kwa kuwa haikuwa mahakama yake. Watu wanaanza upya wakiwa wamechoka na wamechukiana. Mstari mmoja kwenye wosia ungewapunguzia mengi: mimi ni muumini wa dini hii, nimeishi hivi, nataka mirathi yangu iendeshwe kwa sheria hii.

Mstari huo unamhusu mjane kuliko mtu yeyote. Chini ya yale matangazo ya 1963, mume akiacha jamaa wa ukoo wake, mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walifukuzwa kwenye nyumba zao kwa hoja hiyo. Walifika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba mila hiyo ni ya ubaguzi lakini ikakataa kuifuta. Walifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Mimi nasema bila kuzunguka: mila inayomtoa mwanamke kwenye nyumba aliyobebea matofali haistahili heshima ya mtu yeyote, na mwanamume anayempenda mkewe halali usingizi akijua nyumba yao iko chini ya mila hiyo na hajaandika kitu.

Kuandika kunasaidia kweli. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza, mpwa wake akaenda mahakamani kwamba mwanamke hana ruhusa kimila ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu ya Mwanza, alikataa hoja hiyo na kusema wanawake wana haki ya kuuza kama wanaume. Hukumu hiyo inasomwa hadi leo vyuoni, na nyuma yake kuna mzee mmoja wa Kagera aliyemwandikia binti yake wosia.

Mtoto wa nje nisimpite. Hutokea siku ya mazishi na sura ya marehemu, akasimama pembeni ya kaburi, na watu wote wakaacha kuangalia jeneza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, ingawa kwenye mirathi ya Kiislamu njia yake ni ya wosia ndani ya thuluthi. Lakini kabla ya sheria kuna aibu, na aibu hiyo umemwachia yeye aibebe. Mtambulishe ukiwa hai. Mke atakasirika, na ana haki; kakasirikiwe ungali na mdomo wa kuomba radhi.

Nimeiweka hospitali mwishoni kwa kuwa ndiyo inayoanza. Mirathi nyingi zinazokwenda mahakamani zilikwisha kuharibika wodini. Baba kaanguka bafuni, kiharusi, hasemi. Daktari anataka sahihi ya upasuaji na anauliza, "Nani msemaji wa familia?" Binti anayelala kwenye benchi la korido, anayejua dawa zote za presha kwa rangi na saa, anasema subiri niwapigie. Kaka wa Houston hapokei, huko ni saa tisa usiku. Baba mkubwa anataka mgonjwa apelekwe Muhimbili, shangazi anataka apelekwe kwenye maombi, mtu wa tatu anajua mganga Tanga. Kaka anapoamka anatuma ujumbe wa sauti wa dakika saba: kila kitu kifanyike, yeye atalipa. Katika nyumba zetu anayetuma pesa ndiye anayeamua, na anayelala kwenye benchi haulizwi. Baba akifariki, ni huyo wa benchi atakayeulizwa kwa nini alichelewa kutia sahihi. Nimesikia dada akiitwa muuaji na ndugu zake mbele ya wapangaji, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuwakalisha kugawana hata masufuria.

Wengine wanadhani wamejikinga kwa kumwandikia mtoto hati ya uwakala. Hati hiyo ni nzuri ukiwa mzima na uko mbali. Ukipoteza akili timamu wakala hana tena anayemwakilisha, na ukifariki imekwisha siku hiyo hiyo. Anayeitumia kesho yake benki anajitafutia matatizo.

Andika barua nyingine, tofauti na wosia, kwa sababu wosia hufunguliwa ukishazikwa na swali la daktari liko leo. Mtaje mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari ukishindwa kusema, na wa pili kama wa kwanza hapatikani. Mchague kwa ukaribu na utulivu, sio kwa kipato. Mwenye kipato mpe kazi ya kukusanya michango, na aandikwe hivyo. Sema unataka uambiwe ukweli wa ugonjwa wako au la. Sema kuhusu mashine ya kupumulia pale madaktari wanaposema hakuna matumaini. Sema kama ungependa kufia nyumbani. Sema kuhusu maumivu, tafadhali, maana watu wengi wanateseka bure wakidhani maumivu ya saratani hayana dawa. Tiba shufaa ipo. Ocean Road wanatoa mofini ya kunywa, na kuomba dawa hiyo si kukata tamaa. Kivuli cha barua kiingie kwenye faili lako la kliniki. Daktari bado atafuata taaluma yake, ila sasa anajua azungumze na nani, na ndugu wanajua hivyo pia.

Katika barua hiyo hiyo taja utazikwa wapi. Jirani zetu Kenya walikuwa na S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986 bila wosia wa maandishi. Mjane alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochwari hadi Mei 1987 mawakili wakibishana, na ukoo ukashinda. Huyo alikuwa mtu wa sheria.

Najua kinachozuia. Mtoto akimuuliza mzazi habari hizi anaonekana anamchuria, na mzazi akizitaja watoto wanamkatiza: "Baba, achana na hayo, bado tuko nawe." Basi mtoto aanze na yake. Ukiwa na miaka thelathini na pikipiki moja, una kitu cha kuandika. Mpelekee mama karatasi yako, mwambie, "Mama, nimeandika nikiumwa dada ndiye azungumze na madaktari. Nisomee, uone kama nimekosea." Akishasoma atasema yake, mara nyingi bila kuulizwa: kwamba hataki kufungwa mashine, kwamba shamba la mtoni alishaahidi la mjukuu fulani, kwamba anadaiwa na kikundi chao cha kanisani. Usimkatize. Andika kama anavyosema, msomee, atie sahihi au dole gumba na tarehe. Kisha mpigie simu yule aliyemtaja kwa mambo ya hospitali, mama mwenyewe azungumze naye, amuulize kama anakubali. Akisita, mtafute mwingine wiki hiyo hiyo.